Nilikwenda Chooni, Nikarudi, Kiti Changu Kipo

Jumanne usiku pale UD Arena, mjini Dayton, Ohio, nilifanya jambo ambalo nyumbani ni la mwendawazimu. Mechi inaendelea, timu zimeachana pointi mbili, nikainuka nikaenda chooni. Nikapanga foleni ya bisi, nikarudi mdogomdogo. Kiti changu kipo, koti langu juu yake kama nilivyoliacha. Nikaweka picha kwenye kundi letu la WhatsApp la wana Yanga, klabu yetu ya soka ya Dar es Salaam. Nilioga matusi! "Ushakuwa mzungu." "Kumbe huko hata mkojo una adabu?" Huyu wa pili alinivunja mbavu, ila nawajibu hapa kwa sababu kule hamnipi nafasi ya kumaliza sentensi.

Haya ni mashindano ya kikapu ya vyuo vikuu vya Marekani, yale ya kila Machi, ambayo Hasheem Thabeet, Mtanzania wetu, alifika nusu fainali mwaka 2009 akiwa na chuo cha UConn. Mwaka huohuo Memphis wakamchukua wa pili kwenye drafti, pale timu za NBA zinapochagua wachezaji wapya, mbele ya James Harden na Stephen Curry, waliokuja kuwa nyota. Ndiyo, mbele ya Curry. Mkimaliza kumcheka Thabeet, mniambie nani wa mtaani kwenu amefika hapo. Basi tangu 2011, ukitoa miaka ya korona, hatua ya kwanza kabisa, First Four, inachezwa hapa Dayton. Mechi mbili kwa usiku mmoja, tiketi moja. Na hiyo tiketi unainunua hata timu hazijulikani: zinatangazwa Jumapili, Jumanne ziko uwanjani. Kwa hiyo ulichonunua ni kiti. Sehemu, safu, namba. Mwaka 2012 Obama alikuja na Cameron, waziri mkuu wa Uingereza wa wakati huo, nao wakakaa wakatazama kikapu kama sisi.

Sasa twende Kwa Mkapa, uwanja wetu mkubwa wa Dar es Salaam. Tiketi ya mzunguko, ile ya bei ya chini, inakupa ruhusa ya kuingia. Kukaa ni juhudi zako. Mechi saa 11 jioni, saa 5 asubuhi umeshaota mizizi juani, na maji unayanywa kwa hesabu, maana ukiinuka tu umekwisha. Jirani yako atakulindia, ndiyo, mpaka atokee mtu mwenye kifua kuliko yeye. Tunajidanganya kwamba tiketi ni buku tano. Ni buku tano na siku yako nzima. Na Mei 8, 2021, siku ya watani, Yanga na Simba, watu waliilipa hiyo siku, saa ya mechi ikasogezwa, mpira wenyewe haukuchezwa. Machi 8, 2025 tena, watani haohao, mpira haukuchezwa, na wengine walikuwa wametoka mikoani kwa basi. Nani alikosea sisemi, mtani ataanza.

Msiniletee umaskini hapa. Uwanja wa watu 60,000 tunao tangu 2007. Geti linasoma kadi lenyewe. Kilichokuwa Dayton siku ile, kwenye ngazi za sehemu yangu, ni bibi mmoja wa miaka kama sabini, miwani kwenye kamba shingoni. Akatazama simu yangu, akanyoosha kidole: safu ile, kiti cha nne. Kulikuwa na jamaa kakikalia, mwili kama kontena. Bibi akamgusa bega, jamaa akasema samahani, akahama. Hakuna askari aliyeitwa. Hebu niambieni bibi huyo anagharimu dola ngapi za wafadhili.

"Kwani huko hakuna walanguzi wa tiketi?" Wapo, tena wa huku ndio mabingwa! Kwetu mlanguzi anakimbia askari. Huku ana tovuti, anatoa risiti, na juu ya bei yake unakamuliwa ada ya huduma. Timu ya jirani ikitajwa Jumapili ile, kufikia Jumatatu bei haishikiki. Hilo nawaachia, siwaonei wivu hata chembe. Na shangwe? Msinitanie. Bendi ya chuo inapiga, skrini inawaambia watu wapige kelele, wanapiga, wananyamaza. Siku Yanga inaingia uwanjani Kwa Mkapa, zege linatetemeka. Hilo hawataliweza hata wakipewa miaka mia, na nililisema palepale kwa wenzangu wa kazini, wakadhani natia chumvi.

Lakini nina shangazi Temeke, Yanga damu. Nyumba yake iko karibu na uwanja kiasi kwamba goli analisikia kwanza kwa masikio, halafu ndio televisheni inalileta. Akisikia mlipuko wa sauti anasimama katikati ya sebule, mkono mdomoni, anasubiri picha imwambie amefunga nani. Siku ya watani hajawahi kukanyaga pale. Ana kisukari, na mwenye kisukari haendi mahali asipoweza kuinuka. Haogopi fujo wala bei. Huyo mama ameuza samaki soko la Feri, mtamtisha na nini?

Mmoja wenu akaniandikia, "Mpeleke VIP, si una dola?" Nitampeleka, nikija tu. Na wale mashoga zake watatu wanaojazana sebuleni kwake kila derby, wenye magoti na sukari na presha, nao watapelekwa na nani?