"Oa utatulia" ni ushauri wa nusu

Kijana akianza kuzidisha pombe, wazee wanasema oa utatulia. Akikutwa na presha kabla hajafika 40, shangazi anauliza kama ana mtu wa kumpikia. Dada akikaa muda mrefu amenyong'onyea, tiba ni ileile, atafutiwe mume. Hapa Mwanza nimeusikia ushauri huu misibani, kwenye vikao vya harusi na hata kwenye benchi la kliniki, na karibu mara zote anayeutoa ana nia njema. Lakini mimi naona ni ushauri wa nusu, na hiyo nusu isiyosemwa ndiyo yenye madhara.

Tuanze na nusu ya kweli, kwa sababu shangazi hajabuni. Mwaka 2010 mwanasaikolojia wa Marekani, Julianne Holt-Lunstad, na wenzake walikusanya tafiti 148 zilizohusisha watu zaidi ya 308,000. Waliokuwa na mahusiano imara walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuendelea kuwa hai, kwa asilimia 50, kuliko wenye mahusiano legelege. Shirika la Afya Duniani nalo, katika ripoti yake ya 2025, linahusisha upweke na vifo takriban 871,000 kila mwaka. Kwa hiyo ni kweli, mtu kukosa watu wake ni ugonjwa unaonyemelea. Ila angalia kilichohesabiwa katika zile tafiti 148: ndoa ilikuwemo, na ndugu, marafiki, majirani na vikundi vilikuwemo pia. Sisi tumechukua ndoa peke yake, vingine tumeviacha.

Halafu kuna suala la ndoa yenyewe ikoje. Mwaka 2006 mwanasaikolojia wa Marekani, James Coan, aliwaingiza wanawake 16 walioolewa kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo, huku wakijua kwamba wakati wowote wangeweza kupigwa shoti ndogo ya umeme kwenye kifundo cha mguu. Mwanamke akishika mkono wa mumewe, sehemu za ubongo zinazoshughulika na hatari zilitulia kuliko alipokuwa peke yake. Mkono wa mtu asiyemjua ulisaidia pia, ila kidogo. Na wale ambao ndoa zao zilikuwa na furaha zaidi ndio walionufaika zaidi na mkono wa mume.

Utafiti mwingine, wa 2005, hunifanya nicheke na kuogopa kwa pamoja. Janice Kiecolt-Glaser na wenzake katika Chuo Kikuu cha Ohio State waliwachukua wanandoa 42, wakawatia malengelenge madogo mkononi kwa makusudi, wakawaacha wazungumze. Siku moja walizungumza kwa kupeana moyo, siku nyingine waliambiwa wajadili jambo wanalogombania. Baada ya ugomvi, vidonda vilichelewa kupona. Wanandoa wenye maneno ya uhasama kwa kawaida yao, vidonda vyao vilipona kwa kasi ya asilimia 60 tu ya ile ya wenzao wapole. Fikiria mtu mwenye kidonda cha kisukari anayerudi kila jioni kwenye nyumba ya kupigiana kelele, halafu tunamuuliza kama anameza dawa vizuri!

Ubongo ukiona hatari, mwili unamwaga homoni za kujihami, moyo unakimbia, mishipa inabana. Hatari ikipita, mwili unarudi kawaida. Ikiwa hatari yenyewe inalala kitandani pembeni yako, kurudi kawaida kunakuwa kugumu, usingizi unakatika, presha inapanda.

Upendo unaotibu ni ule wa mtu anayekuangalia. Hapa mtaani kwetu Mabatini kuna fundi pikipiki, mwanaume wa shoka, hajawahi kukiri kuumwa. Mkewe ndiye aliyeanza kuona kwamba ndoo ya maji ya kunywa inaisha upesi, na kwamba bwana anatoka nje usiku mara nyingi. Kilichomwondolea mkewe shaka ni sisimizi. Asubuhi moja aliwakuta wamejipanga pale ukutani mumewe anapokojoa, wakati kwingine kote hamna hata mmoja. "Baba watoto, hawa wanafuata nini kwako?" Fundi akajibu kwamba ni msimu wao. Mama hakubishana. Kesho yake alifunga mlango, akampeleka kupima, na sukari ilikuwa juu kweli. Sijui kama hawa wawili wameshawahi kuambiana neno "nakupenda", na sidhani kama inahusu.

Serikali yenyewe imelijua hili kitambo. Mgonjwa wa kifua kikuu anaweza kuchagua kumezea dawa nyumbani, mbele ya msaidizi wa matibabu ambaye mara nyingi ni ndugu, kwa tiba ambayo kwa kawaida huchukua miezi 6. Huyo msaidizi hana shahada. Kazi yake ni kukaa pale kila siku na kuhakikisha kidonge kimemezwa, hata siku mgonjwa amenuna. Anaweza kuwa mama, mke, kaka, au jirani wa chumba cha pili.

Na umbali sio kisingizio. Wavuvi wa dagaa wanaishi visiwani, Ziwa Victoria, kwa wiki kadhaa, wanavua usiku wa giza kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti vizuri, ndipo wengi wanapumzika. Wapo wanaokuja nyumbani Kirumba au Igogo kipindi hicho tu, na nyumba zao zina amani kuliko za watu wanaolala chumba kimoja mwaka mzima. Wapo pia wenye nyumba mbili, huku na kisiwani, na hapo sitatia neno, kila mtu anajua shughuli yake.

Ninaowahurumia zaidi ni wanaume wenzangu. Akina mama wanaoanika dagaa, ukikaa nao nusu saa utajua nani hakulala, nani mtoto wake ana homa, nani amegombana na nani. Sisi kijiweni tunakaa miaka kumi tukibishana Simba na Yanga, na siku mmoja wetu akianguka ndipo tunagundua kwamba alikuwa na presha, au kwamba mkewe aliondoka tangu Pasaka. Mwanaume anaweka mizigo yote kwa mke mmoja, na hata huyo hamwambii, anatarajia aote. Mke akifariki au akichoka, hana pa kushika.

Kuishi vizuri kunafundishika. Hapa hapa jijini ulifanyika utafiti ulioitwa MAISHA, kwa wanawake waliokuwa kwenye vikundi vya mikopo. Baadhi ya vikundi vilipewa vipindi 10 vya mazungumzo kuhusu mahusiano na haki. Matokeo yalichapishwa 2019: waliohudhuria walieleza kupigwa na wenza wao kwa kiwango kidogo kuliko ambao hawakupata mafunzo. Vipindi 10 tu, na waume hawakuwemo darasani.

Sasa linganisha na tunavyofunga ndoa. Vikao vya harusi vinaanza miezi mingi kabla: michango, ukumbi, keki, sare, gari la maharusi. Bibi harusi anafanyiwa kitchen party, anakalishwa na mashangazi, anaambiwa avumilie, asijibu, amtunze mume. Bwana harusi anaulizwa saizi ya suti na kama picha zikapigwe Capri Point au pale kwenye jiwe la Bismarck. Hakuna mjomba anayemkalisha chini na kumuuliza akikasirika huwa anafanya nini, ana rafiki gani wa kumwambia ukweli, na mkewe akiumwa nani atamkalia hospitali. Kamati ya harusi inayofuata nitakayoalikwa, mchango wangu nitautoa kama kawaida, lakini nitaomba dakika zangu na huyo kijana kabla ya mjadala wa keki, na mashangazi wanaruhusiwa kuja kusikiliza.