Mchoro mmoja au miwili? Topolojia katika maabara za mazoezi ya mitandao

Anayejiandaa kwa mtihani wa cheti cha mitandao, kama CCNA au Network+, hukutana mapema na maelezo haya: topolojia ya kimaumbile ni jinsi vifaa na kebo vilivyounganishwa, topolojia ya kimantiki ni jinsi data inavyosafiri. Huyakariri, hujibu swali lake moja, husonga mbele. Kisha hufungua maabara ya mazoezi na kukuta mchoro mmoja uliobandikwa kila kitu: majina ya poti, anwani za IP, namba za VLAN (mitandao inayotenganishwa kimantiki juu ya vifaa vilevile), hata rangi za kebo. Kama tofauti ile ina maana, mbona maabara yenyewe haiijali?

Wapo wanaosema imepitwa na wakati, na hoja yao si nyepesi. Mifano inayofundishiwa imezeeka. Token Ring ya IBM, ambamo kompyuta zilichomekwa kwenye kifaa kimoja cha kati kama nyota huku zamu ya kutuma ikipokezanwa kwa duara, imebaki vitabuni. Habu nayo, kifaa cha zamani cha kuunganishia kompyuta, ilikuwa nyota kwa macho na basi (waya mmoja unaotumiwa na wote) kwa tabia, maana kila fremu, yaani kifurushi cha data, iliyoingia ilitolewa kwenye poti nyingine zote na kompyuta ziligombea njia moja. Swichi, zinazopeleka fremu kwenye poti ya anayelengwa, ziliimaliza habu, na ugomvi huo ukaisha nao. Isitoshe, mazoezi mengi siku hizi hufanyika ndani ya programu za kuigiza mitandao kama Packet Tracer, GNS3 au EVE-NG, ambako hakuna kebo ya kushika. Packet Tracer ina ukurasa wake wa kimaumbile, wenye majengo na makabati ya vifaa, lakini mtu anaweza kumaliza kozi nzima bila kuufungua.

Kuhusu mifano, wana haki. Kuhusu tofauti yenyewe, sikubaliani nao hata kidogo, na zoezi la kawaida kabisa linatosha kuonyesha kwa nini.

Chukua swichi tatu, A, B na C, zilizounganishwa pembetatu kwa kebo za kasi moja. Kompyuta moja iko kwenye B, nyingine kwenye C. Ping, jaribio la kuona kama kompyuta moja inaifikia nyingine, inapita. Sasa uliza: fremu imepita wapi? Mchoro unaonyesha kebo kati ya B na C, kwa hiyo jibu linalokuja haraka ni kwamba imepita hapo. Lakini ikiwa A ndiyo swichi mzizi, ile ambayo njia zote hupangwa kuelekea kwake, itifaki ya STP (Spanning Tree Protocol), ambayo msingi wake ni algoriti aliyoibuni Radia Perlman mwaka 1985, imeifunga poti moja ya kebo hiyo ili fremu zisizunguke bila mwisho. Fremu imetoka B, ikapanda A, ikashuka C. Andika show spanning-tree na utaona neno BLK (imefungwa) kwenye poti moja tu. Packet Tracer hata huweka kitone cha rangi ya chungwa mwisho wa kebo hiyo, na bado watu hukipita kama pambo. Kebo ni pembetatu, njia ni mti. Na nani aliamua A iwe mzizi? Kama hakuna aliyegusa mipangilio, kipaumbele cha kila swichi kinaanzia 32768, kwa hiyo mshindi ni mwenye anwani ndogo zaidi ya MAC (namba ya utambulisho ya kifaa), ambaye mara nyingi ni swichi kuukuu kuliko zote. Chomoa kebo ya A na C, usubiri sekunde 30 hadi 50 kwa STP ya zamani, na mti mwingine unaota juu ya kebo zilizobaki.

Upande wa pili wako wanaotaka vifaa halisi na michoro miwili kwa kila zoezi. Hawa nao wana lao. Poti mbili zisizokubaliana kuhusu duplex (kutuma na kupokea kwa pamoja au kwa zamu) zitawaka taa za kijani huku mtandao ukikokota miguu. Kebo ya shaba iliyozidi mita 100 italeta makosa ambayo hakuna amri ya ruta itakayoyaponya. Mtihani wenyewe huuliza mambo haya, na maabara ya kompyuta huyaonyesha tu kama mtunzi wa zoezi ameyapanga. Ila kabati la vifaa vya mtumba hula muda mwingi kwa kebo za konsoli na kelele za feni kuliko kwa mitandao. Na zoezi la ruta mbili zenye kebo moja katikati, ukilichorea michoro miwili, utapata mchoro uleule mara mbili. Huo ni utaratibu kwa ajili ya utaratibu.

Mchoro mmoja unaumiza hasa pale kebo moja inapobeba mitandao kadhaa. Ruta imeunganishwa na swichi kwa kebo moja, na juu yake zimetengenezwa poti ndogo G0/0.10, G0/0.20 na G0/0.30, kila moja ikiwa lango la VLAN yake. Kimaumbile ni mstari mmoja. Kimantiki ni mitandao mitatu inayokutana kwenye ruta. VLAN 30 ikikataa kufika kwenye lango lake wakati nyingine mbili ziko sawa, aliyezoea mchoro mmoja ataanza kukagua kebo. Angefikiria kimantiki, angeandika show interfaces trunk na kukuta 30 haimo kwenye orodha ya VLAN zilizoruhusiwa.

Ukipanda ngazi hadi mitihani ya CCNP, cheti kilicho juu ya CCNA, kosa hilohilo hurudi kwa sura kubwa zaidi. Ruta mbili zenye handaki la GRE, kiungo cha kimantiki kinachopita juu ya mtandao mwingine, huonana kama majirani, ingawa kati yao kuna ruta nyingine nyingi. Ukiiacha OSPF, itifaki ambayo ruta hutumia kujifunza njia, ijifunze njia ya kufika mwisho wa handaki kupitia handaki lenyewe, linaanguka, linainuka, linaanguka tena, na ruta inalalamika juu ya recursive routing (njia inayojitegemea yenyewe). Hapo topolojia ya kimantiki imejaribu kujibeba yenyewe.

Kwa hiyo ningetaka mtunzi wa maabara atoe mchoro wa kimaumbile peke yake, wenye kebo na majina ya poti, bila anwani hata moja. Ule wa kimantiki auchore mwanafunzi mwenyewe kutokana na show vlan brief, show spanning-tree na show ip route. Kazi hiyo ifanyike kwenye mazoezi yenye VLAN, STP au handaki tu. Kwingine mchoro mmoja unatosha. Ndani ya chumba cha mtihani, dakika 120 za CCNA haziruhusu kuchora sana, lakini swali la STP linahitaji tu pembetatu ndogo na alama ya X kwenye kebo iliyofungwa.