Sanamu ya mfiadini: rangi au mbao tupu?

Katika jumba la makumbusho la The Cloisters, New York, upo mchongo mdogo wa mbao, kimo chake sentimita 53 hivi, wenye watakatifu watatu waliosimama bega kwa bega: Kristofori, Eustaki na Erasmo. Ni kazi ya Tilman Riemenschneider wa Würzburg, Ujerumani, ya kati ya 1500 na 1505. Wote watatu ni wafiadini, yaani watu waliouawa kwa ajili ya imani yao. Erasmo ameshika winchi ya mkono, ile ya kukunjia kamba, kwa kuwa masimulizi yanasema aliuawa kwa kuvutwa utumbo na kuzungushiwa humo.

Leo unachokiona ni mbao ya kahawia tu, na hapo ndipo wapenzi wa sanaa ya Gothiki ya mwisho, mtindo wa Ulaya wa mwishoni mwa Zama za Kati, wanapogawanyika. Je, sanamu kama hizi zinapendeza zaidi zikiwa tupu, au bila rangi ni kazi iliyoishia njiani?

Wanaotetea rangi wana hoja nzito. Kwa desturi ya wakati ule, mchongaji akiweka patasi chini, kazi ilikuwa bado. Sanamu ilipakwa chaki iliyochanganywa na gundi, ikasuguliwa hadi ikalainika, ndipo mchoraji akaleta rangi ya ngozi, mashavu mekundu, na karatasi nyembamba za dhahabu kwenye mavazi. Kwa mfiadini, rangi haikuwa pambo. Mtu aliyepiga magoti mbele ya Mtakatifu Sebastiani, mfiadini aliyepigwa mishale, akiomba kuepushwa na tauni alionyeshwa damu ikichuruzika pale mshale ulipoingia. Ukiifuta damu hiyo, umebakiza kijana mzuri aliyefungwa mtini.

Lakini Riemenschneider mwenyewe anaivuruga hoja hiyo. Altare, yaani kundi la sanamu za kupamba altare, aliyoichongea kanisa la mji wa Münnerstadt, kati ya 1490 na 1492, aliikabidhi bila rangi, isipokuwa miguso midogo kama kwenye macho na midomo. Ukiisogelea kazi yake ya aina hii unaona sababu: mapindo ya nguo yamepambwa kwa vidoti na mistari myembamba mno, ambayo chaki na gundi vingeifunika yote. Huyu alikusudia mbao ionekane. Hata hivyo, miaka kumi na kitu baadaye altare hiyohiyo ilipakwa rangi na Veit Stoss, naye mchongaji mkubwa, aliyekuwa amechomwa alama kwenye mashavu yote mawili huko Nürnberg kwa kughushi hati. Bila shaka wenye kanisa walitaka watakatifu wenye uso wa mtu aliye hai. Siwalaumu, ibada ilikuwa yao.

Ninaowalaumu ni watu wa karne ya 19. Kwa kupenda mbao safi, walichukua sanamu nyingi zilizozaliwa na rangi wakazichubua kwa dawa kali za jamii ya kostiki, zinazokula rangi. Rangi ilitoka pamoja na ngozi ya juu ya mbao, na baadhi ya nyuso hizo sasa zina ukavu ambao hakuna fundi aliyeukusudia. Uharibifu huo ulipewa jina la usafishaji.

Kwa hiyo naona kila sanamu ihukumiwe kwa historia yake. Iliyoachwa tupu na fundi wake ibaki hivyo. Yenye rangi ya zamani, hata ikiwa vipande tu vilivyojificha kwenye mikunjo ya kanzu, ilindwe. Iliyochubuliwa isipakwe upya, maana hapo tutakuwa tunabahatisha juu ya kazi ya mwingine. Anayetaka kuona damu ya mfiadini ilivyong'aa atengenezewe nakala. Tena nakala si kitu cha kudharauliwa: katika kanisa la Neumünster, Würzburg, sanamu za kichwa na kifua za Kilian, Kolonat na Totnan, wafiadini wa mji huo, ziliteketea kwa mabomu ya Machi 1945, na zilizopo leo ni nakala za zile za Riemenschneider. Waumini wanasali mbele ya nakala hizo.