Kona ya Sayansi Iwe ya Watoto

Madarasa mengi ya elimu ya awali nchini Tanzania yana kona ya sayansi, ambapo vifuu, mawe, mbegu na chupa za maji hupangwa vizuri mezani, kila kimoja kikiwa na jina lake. Kinachonisikitisha ni kwamba mara nyingi mwalimu ndiye anayevishika: huonyesha kuwa jiwe huzama na kifuu huelea, na watoto huitikia kwa pamoja. Hapo mtoto amepokea jibu la swali ambalo hakuliuliza.

Mtoto wa miaka 5 akiachiwa beseni la maji aamue mwenyewe atie nini, mambo huwa mengine. Kifuu kikielea, atataka kukipakia changarawe moja moja aone kitahimili hadi wapi. Kikiinama na kujaa maji kitazama na mzigo wake, naye atakiopoa aanze upya, safari hii akiupanga mzigo katikati. Huko ndiko kukisia, kujaribu na kurekebisha. Mwalimu anayewahi kusema kuwa kifuu huelea kwa sababu ni chepesi humkatisha mtoto njiani, tena kwa maelezo yasiyojitosheleza, kwa maana umbo la bakuli nalo lina kazi yake katika kuyasukuma maji. Afadhali amuulize, “Unadhani kitabeba ngapi?” kisha anyamaze. Bila shaka abaki karibu, kwani maji hata ya beseni ni hatari kwa mtoto mdogo.

Najua wazazi wengi huipima shule kwa daftari lililojaa herufi, na huona mchezo kuwa ni kupoteza muda. Sikubaliani nao: anayezipakia changarawe anahesabu, na anayemweleza mwenzake kwa nini chombo kimezama anajenga lugha atakayoihitaji katika kusoma. Zaidi ya hayo, Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unatambua haki ya mtoto kucheza na haki yake ya kusikilizwa.

Kikwazo kikubwa ni msongamano. Mwalimu mmoja mwenye watoto wengi hawezi kuwasimamia wote majini kwa wakati mmoja, ila anaweza kuwagawa katika makundi yanayopokezana kona, kazi ambayo ingekuwa nyepesi zaidi kama angepewa msaidizi. Nao wathibiti ubora wa shule, wanapoikagua kona ya sayansi, wasiangalie mpangilio wake tu, bali waangalie ni mikono ya nani inayogusa vifaa na ni swali la nani linalojaribiwa.