Presi Ilishinda, Meza Ikasalimu Amri

Mtu akiamua kujaza risasi zake nyumbani, kitakachomkosesha usingizi si baruti wala fataki, kile kidude cha kitakoni kinachoiwasha baruti. Ni presi, mashine ya mpini inayotengeneza upya maganda yaliyokwisha kufyatuliwa. Zipo za aina tatu, na kila aina ina waumini wake, na waumini hao hawapikiki chungu kimoja.

Ya hatua moja hubeba dai moja tu, yaani kile kifaa cha chuma ambacho ganda husukumwa ndani yake. Unapitisha maganda yote hatua ya kwanza, unafungua dai, unafunga nyingine, unaanza upya. Ya tareti ina kichwa cha kuzungusha chenye dai kadhaa, hivyo unaepuka kufungua na kufunga. Halafu kuna ile inayosogeza yenyewe: kila ukivuta mpini, maganda yote yaliyomo yanasonga hatua moja na risasi iliyokamilika inadondoka kikashani. Hiyo ya mwisho ni tamu kwa macho. Lakini mambo manne yanatendeka kwa mkupuo mmoja, na mgeni anayetazama moja anaweza asione kwamba ganda fulani limepokea baruti mara mbili. Mimi ni mtu wa kushtuka mlango ukibamizwa. Nilichagua ya hatua moja.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alikubali, ila kwa sharti lake. "Shem, kama ni ya hatua moja, basi chukua dume. Fremu iliyofungwa pande zote, chuma cha kusubu. Hizi za alumini zilizo wazi upande mmoja zinapinda ukizibana sana."

Hapo alikuwa sahihi. Fremu iliyo wazi mbele hunyumbuka kidogo kazi ikiwa ngumu; iliyofungwa haina pa kunyumbukia. Nikaleta dume. Lilikuwa zito kiasi kwamba aliyeliteremsha alitaka kujua kama ni injini.

Tatizo la dume ni kwamba linataka pa kusimama. Mashine hii hufungwa kwa bolti kwenye meza nzito, na meza yenyewe ikibidi hufungwa ukutani. Katika nyumba yetu kulikuwa na meza moja iliyokuwa haina kazi siku ile: ya mke wangu ya kushonea.

"Dada hana neno," alisema shemeji, ambaye hakuwa amemuuliza dada neno lolote. "Matundu matatu tu. Hata hayataonekana."

Tukatoboa. Nikaendesha mpini juu, chini, juu, chini. Pistoni ilipanda na kushuka kwa ulaini wa ajabu. Meza ilitoa mlio mdogo upande wa kulia, na shemeji akaueleza kuwa ni mbao kuzoea.

Baruti na fataki zilikuwa chumba kingine, zimefungiwa. Siku hiyo tulikusudia hatua moja tu: kurudisha maganda matupu ya .308, risasi ya bunduki ndefu, kwenye vipimo vyake, kwa sababu ganda likishafyatuliwa hutanuka kujaza chemba ya bunduki. Dai hulibana likarudi. Kuna kopo dogo la nta maalumu lililokuja na vifaa, la kupaka ganda kabla halijaingia. Nikalitafuta. Sikuliona.

"Ya nini?" akauliza shemeji. "Mimi miaka yote sijapaka kitu."

Ni kweli, hajawahi. Shemeji hujaza risasi za bastola, maganda yaliyonyooka kama bomba, na dai zake zina pete ya kabaidi, ambayo ni ngumu na yenye kuteleza kiasi kwamba ganda hupita kavu. La .308 lina mabega na shingo, na dai yake ni ya chuma cha kawaida. Hilo hakulisema. Nadhani hakulijua, maana alilisema lile jingine kwa sauti ya profesa.

Nikaweka ganda kavu kwenye kishikizi kilicho juu ya pistoni, nikavuta mpini.

Likaingia nusu, likagoma. Nikaongeza uzito, meza ikaniinamia kwa heshima. Likaingia lote. "Umeona?" akasema shemeji. Kisha nikainua mpini ili ganda litoke.

Halikutoka. Nikainua zaidi, na kilichoinuka ni meza. Miguu miwili ya mbele iliacha sakafu, na visanduku vya vifungo na uzi vikaanza safari ya kuelekea ukutani.

"Ngoja, nakuwa uzito," akasema shemeji, akapanda mezani na kuketi karibu na presi, miguu ikining'inia. Kwa haki, kifizikia wazo lilikuwa zuri. Fremu ya dume hainyumbuki, mpini unazidisha nguvu mara nyingi, na sasa meza ilikuwa na mtu mzima juu yake. Kitu kimoja tu katika chumba kile kilibaki dhaifu: ukingo mwembamba wa shaba kwenye kitako cha ganda, pale kishikizi kinapolishika.

Nikachuchumaa, nikaweka bega chini ya mpini, nikasimama.

Ukingo ulichanika. Mpini ulifyatuka juu ukapita karibu na sikio langu, nikaenda zangu kinyumenyume hadi kwenye kapu la vitambaa. Meza, iliyokuwa imenyanyuka na shemeji wake, ilirudi sakafuni kwa mguu mmoja. Ule wa kulia. Uliokuwa ukizoea.

Mke wangu alitukuta hivi: mimi ndani ya kapu, kaka yake ameketi kwenye mteremko akiwa amekumbatia presi, vifungo bado vinabingirika. Presi haikuwa na mkwaruzo.

"Mmeumia?"

"Hapana."

"Vizuri. Maana nilitaka kuanza na wazima."

Nitaruka yaliyosemwa baadaye. Ganda lilitolewa kwa njia inayojulikana na wote waliowahi kukwama: unatoboa kitako chake kwa drili, unachonga hesi, unafunga bolti, unalivuta taratibu. Kopo la nta nalo lilipatikana. Shemeji alikuwa ameliona mapema, akadhani ni dawa ya viatu, na kwa kweli viatu vyake siku ile viling'aa sana.

Presi sasa imefungwa kwenye benchi la mbao nene lililoshikiliwa na ukuta, na mke wangu ana meza mpya isiyoruhusiwa kusogelewa na drili. Juzi shemeji alipiga simu. Amegundua kwamba kuna presi kubwa zaidi, za kujazia .50 BMG, risasi kubwa mno, zinazochukua dai nene kuliko hizi zetu za inchi 7/8, na anauliza kama benchi lina nafasi.

Simu alikuwa ameipokea dada yake.