Klabu, changisho na hospitali mpya: nani atalipa utepe ukishakatwa?

Klabu ya huduma kwa jamii ikitangaza kwamba mwaka huu nguvu zake zote zinaelekezwa kwenye changisho la hospitali mpya ya eneo lake, mambo hufuata mkondo unaojulikana. Kamati inaundwa, akaunti inafunguliwa, yanatangazwa matembezi ya hisani na chakula cha jioni chenye mnada, na kwenye milango ya maduka linabandikwa bango lenye picha ya jengo ambalo bado halijajengwa. Wengi hushangilia. Wachache huguna: kwani hospitali si kazi ya serikali? Nawaheshimu wanaoguna, na bado nachangia. Ila naamini lipo sharti moja ambalo klabu inapaswa kulitanguliza kabla ya kupokea senti ya kwanza, na mara nyingi hailitangulizi.

Nianze na kile ambacho klabu inakileta mezani. Wanachama thelathini au hamsini, hata wakijikamua vipi, hawawezi kujenga wodi ya wazazi kwa mifuko yao. Wanacholeta ni kuaminiwa. Nimewahi kumsaidia mhazini wa changisho la namna hii, na sijamsahau mama mmoja mzee aliyefungua fundo la kitambaa, akahesabu sarafu zake moja moja mezani, kisha akasubiri risiti. Alisoma kiasi kilichoandikwa. Akauliza ni kina nani wanaotia saini kwenye hundi. Alipojibiwa, akaikunja risiti mara nne na kuifunga ndani ya kitambaa kilekile. Hospitali haikuwapo bado, kwa hiyo fedha zile aliwakabidhi watu: watu anaowaona kila wiki, ambao angejua pa kuwapata kama zingepotea.

Hilo si jambo dogo. Uongozi wa hospitali ukiomba fedha wenyewe, watu hudhani unajiombea. Mwanasiasa akiomba, watu huhesabu miezi iliyobaki hadi uchaguzi. Klabu yenye mwalimu, daktari, mfanyabiashara na fundi katika orodha moja hupita katikati ya shaka hizo.

Na historia iko upande wake. Rotary, mtandao wa klabu za huduma kwa jamii ulioanzishwa Chicago, Marekani, mwaka 1905, ulianza kampeni yake ya chanjo ya polio duniani kote mwaka 1985 kwa lengo la kukusanya dola milioni 120. Kufikia 1988 zilikuwa zimepatikana dola milioni 247. Mwaka huo polio ilikuwa inapooza watu wanaokadiriwa kufikia 350,000 katika nchi zaidi ya 125. Tangu hapo visa vimeshuka kwa zaidi ya asilimia 99. Serikali na Shirika la Afya Duniani zilibeba sehemu kubwa ya kazi hiyo, lakini klabu zilikuwapo tangu mwanzo na hazijaondoka hadi leo. Huko kutoondoka ndiko kunakonivutia kuliko zile milioni 247.

Sasa upande wa wanaoguna. Hoja yao nzito kuliko zote ni ya haki. Hospitali inayojengwa kwa michango hujengwa penye wachangiaji. Uingereza iliyaona haya kwa miaka mingi: kabla ya 1948 nyingi ya hospitali zake ziliishi kwa michango, wasia wa matajiri na makusanyo ya mitaani, na matokeo yake huduma ilifuata utajiri wa eneo badala ya wingi wa wagonjwa. Waziri wa afya Aneurin Bevan aliliambia bunge mwaka 1946 kwamba ni jambo la kuchukiza kwa jamii iliyostaarabika kuziacha hospitali zitegemee sadaka za watu binafsi. Julai 1948 ukaanza mfumo wa taifa unaolipwa kwa kodi. Nikisoma maneno yake sioni pa kumpinga. Mtaa wenye klabu yenye nguvu ukipata hospitali, na mtaa wa pili wenye wagonjwa wengi zaidi ukakosa, wema wetu umesaidia kuupanua ufa. Tena kila wananchi wanapojaza pengo, mpanga bajeti hupata sababu ya kuliacha pengo linalofuata.

Hata hivyo, hata baada ya 1948 vikundi vya marafiki wa hospitali viliendelea kuchangisha nchini humo: vitanda vizuri zaidi, vyumba vya jamaa wa wagonjwa, mashine ambayo bajeti haikuifikia. Mishahara ikabaki kwa serikali. Mgawanyo huo unanifundisha zaidi kuliko ugomvi wa nani anapaswa kujenga.

Maana udhaifu halisi wa changisho la hospitali ni kwamba linapenda vitu vinavyoonekana. Jengo lina picha. Mashine ina picha. Mshahara wa muuguzi wa zamu ya usiku mwezi wa kumi na nane hauna picha, wala vitendanishi vya maabara, wala mafuta ya jenereta. Ilhali ndani ya miaka michache tu gharama za kuiendesha hospitali hujumlika zikaipita gharama ya kuijenga, na haziishi.

Watafiti wawili waliochapisha kazi yao mwaka 2011 walikusanya orodha za vifaa tiba zaidi ya 112,000 katika nchi zenye uwezo mdogo. Takriban 38 katika kila 100 vilikuwa havifanyi kazi. Sababu kuu walizozitaja ni ukosefu wa mafunzo, usimamizi mbovu wa vifaa, na miundombinu. Nilipoisoma asilimia ile nilikumbuka kreti moja. Kwenye changisho nililolitaja, kamati yetu ilinunua mashine ya kutakasa vifaa vya upasuaji. Ilipofika ndipo fundi alipogundua kwamba inahitaji umeme wa njia tatu, na jengo lilikuwa na wa njia moja. Mashine ilikaa kwenye kreti lake koridoni zaidi ya mwaka, juu yake pamepangwa makasha ya glovu. Kila nilipopita hapo nilimkumbuka mama wa kitambaa. Risiti yetu ilikuwa sahihi, hesabu zilikaguliwa, hakuna aliyeiba hata shilingi, na bado fedha zake zilikuwa zimelala ndani ya mbao.

Kwa hiyo uaminifu wa vitabu hautoshi. Wapo waliolifikiria hili mapema. Mwaka 1920 udugu wa Shriners huko Marekani ulipoamua kujenga hospitali ya watoto wenye ulemavu, ulikubaliana pia kwamba kila mwanachama atoe dola 2 kila mwaka. Hospitali ya kwanza ilifunguliwa Shreveport, Louisiana, mwaka 1922. Mchango ule wa kila mwaka, pamoja na wasia na akiba iliyowekezwa, uliwawezesha kutibu bila kumtoza mgonjwa kwa miongo mingi. Walianza kupokea malipo ya bima mwaka 2011 tu. Klabu ya kawaida haina wanachama wengi kiasi kile, na sisemi iige yote. Ninachoiga ni mpangilio wa maswali: walijiuliza nani atalipa mwakani siku ileile walipojiuliza nani atajenga.

Hapo ndipo lilipo sharti langu. Kabla bango halijabandikwa, klabu idai hati yenye saini za mamlaka itakayomiliki hospitali. Hati itaje ni nani anaajiri na kulipa wahudumu, bajeti ya dawa na matengenezo inatoka fungu gani, na umeme na maji vitafika lini. Hati hiyo isomwe hadharani siku ya uzinduzi, kwa lugha ya kila mtu, ili yule mama aisikie kabla hajafungua kitambaa chake. Hapo hoja ya wanaoguna nayo inapata jibu, kwa sababu changisho linakuwa kamba ya kuivuta serikali badala ya mlango wa kuitorosha. Klabu ina nguvu ya kudai hivyo mara moja tu, nayo ni kabla ya kukusanya. Jengo likishasimama, inayobaki kuomba ni klabu yenyewe.

Kuna mengine madogo nayapitia haraka: mwanachama mwenye kampuni ya ujenzi asiombe zabuni, na sehemu fulani ya kila mchango itengwe kwa matengenezo tangu siku ya kwanza. Mambo ya majina ukutani hayanisumbui. Anayetaka jina aandikiwe, mradi amelipa.

Na mamlaka ikikataa kutia saini, au ikajibu kwamba hayo yataangaliwa baadaye? Wengi katika klabu watasema tuanze tu, jengo likiwapo watu wataona aibu kuliacha tupu. Mimi nimeliona kreti, kwa hiyo siwaungi mkono. Mwaka huo klabu ipeleke nguvu zake kwenye zahanati iliyopo, yenye muuguzi anayelipwa tayari, imuulize kinachomkwamisha, na ikinunue hicho.