Anayerudi Ndiye Ninayemsikiliza

Sisi wa Dar tunadhani India tunaijua. Tumekulia jirani na Uhindini, tumelizwa na sinema zao, na mgonjwa wetu akipelekwa Chennai hurudi na mfuko wa dawa pamoja na hadithi za mwezi mzima. Basi akitokea mtaalamu kwenye runinga akasema India imepaa, tunaitikia. Wiki ijayo akija mwingine kusema India imekwama kwenye kasti, yale matabaka ya kurithi kwa kuzaliwa, tunaitikia vilevile. Mimi nimechoka kuitikia. Siku hizi nikimsikia mtu akiisemea nchi yenye watu zaidi ya bilioni 1.4, namuuliza kimoyomoyo: ulikwenda wapi, na ulirudi mara ngapi?

Kuna kijiji kinaitwa Palanpur, wilaya ya Moradabad, jimbo la Uttar Pradesh. Ni kijiji cha ngano na miwa, treni inasimama hapo, basi. Watafiti walifika 1957 wakaanza kuhesabu kaya moja moja. Wakarudi mwanzoni mwa miaka ya 60, wakarudi 1974, wakarudi tena 1983, 1993 na 2008, na hata baada ya hapo hawakukata mguu. Jean Drèze, mchumi mzaliwa wa Ubelgiji ambaye baadaye alichukua uraia wa India, hakuishia kubeba dodoso na kuondoka; alihamia hapo mwaka 1983 akaishi na wenyeji.

Sasa tazama faida ya kurudi. Aliyefika miaka ya 70 alikuta habari ya mjini ni maji na mbegu mpya za ngano. Wamurao, kasti ya wakulima wasioogopa jembe, walikuwa wanainuka, na Wathakur waliozoea kuwa juu walikuwa wanawatazama kwa jicho la pembeni. Angeishia hapo angeandika kwamba maendeleo ya kijiji cha India ni umwagiliaji, na asingekuwa mwongo. Lakini waliofika 2008 walikuta wanaume wanapanda treni kwenda kutafuta kibarua kwenye miji ya Chandausi na Moradabad, wengine wako kwenye matanuri ya matofali. Shamba halikuwa tena ndilo linalosukuma kipato. Hata Wajatab, waliokaa chini kabisa vizazi na vizazi bila ardhi ya maana, walianza kupata chochote huko nje. Umaskini ulipungua, na pengo kati ya mwenye nacho na asiye nacho likapanuka, yote mawili kwa pamoja. Kwenye runinga jambo kama hilo halisemeki kwa dakika tatu.

Sisemi kurudi kunatosha. M. N. Srinivas, mmoja wa vigogo wa sosholojia ya India, alikaa Rampura, karibu na Mysore, mwaka 1948. Mwenyeji wake alikuwa mkuu wa kijiji, naye akalazwa kwenye nyumba ya maksai wa mzee huyo. Srinivas mwenyewe alikuwa Mbrahmin, kasti ya juu kabisa. Ukilala kwa mkubwa, mlango wa mnyonge unauona kwa mbali, na wakosoaji wake hawakuacha kumkumbusha hilo. Mwaka 1970 moto uliowashwa na watu wasiojulikana, enzi za maandamano ya Vita vya Vietnam, uliteketeza maandishi yake ya miaka mingi pale Stanford, nakala zote tatu. Akakaa chini akaandika kijiji kizima kutoka kichwani, kitabu kikatoka 1976. Nani kati ya wataalamu wetu wa safari za siku nne anaweza kuandika hata ukurasa mmoja laptopu yake ikiungua?

Kwenye uhusiano wa India na majirani zake ndiko hali ilivyo mbaya zaidi. Chuo Kikuu cha Asia Kusini kilianza Delhi mwaka 2010 ili vijana wa nchi nane za SAARC, jumuiya ya nchi za Asia Kusini, wasome pamoja. Wazo zuri mno. Ila wakuu wa nchi hizo walikutana mara ya mwisho Kathmandu mwaka 2014. Mkutano wa Islamabad wa 2016 ukavunjika. Mtafiti wa Delhi kwenda kuishi mwaka mzima kwenye kijiji cha Punjab ya Pakistani ni ndoto, na wa Lahore naye vivyo hivyo upande wa pili. Kwa hiyo kila upande unaandika habari za mwenzake kwa kusoma matamko ya serikali, kisha sisi tunayaita hayo uchambuzi.

Serikali yenyewe nayo imekawia kurudi. Sensa ya mwisho India ni ya 2011. Ya 2021 iliahirishwa. Si suala la vitabu tu. Mgao wa nafaka ya bei nafuu chini ya sheria ya chakula ya 2013 ulipigiwa hesabu kwa idadi ya 2011, na mwaka 2020 Drèze na wenzake, akiwemo Reetika Khera, walikadiria kwamba watu zaidi ya milioni 100 waliachwa nje kwa sababu hiyo peke yake. Mtoto aliyezaliwa 2012 anakula kila siku, kwenye hesabu hayupo.

Sasa kuhesabu kumepangwa kufika kilele Machi 2027, na kila mtu ataulizwa kasti yake, jambo ambalo sensa haijalifanya kikamilifu tangu 1931. Makarani watafika Palanpur pia. Huko nadhani hawatapata shida ya kujieleza; wenyeji wamezoea kuulizwa.